Nenda Kaulize Saa

6 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya kulipia wiki zote ambazo sikuandika. Mimi mzima, nakula, nalala, chumba hakivuji. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe umepakwa chokaa vizuri, kwa hiyo nimeamua ni mandhari. Simu yako tangu uitumbukize kwenye ndoo ya kupozea dhahabu haijapona, na najua huna mpango wa kuiponya, basi tuandikiane. Fundi saa hajambo? Bado anasema atakuoa siku saa zake zote zikilingana?

Sasa nisikilize, maana tangu juzi sijatulia. Nimeona dhahabu inawaka nyekundu.

Usicheke kwanza. Huku maabara tuna mkubwa wetu mmoja mwenye kipara, tunamwita Bwana Tena, kwa sababu ukimwonyesha kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani, anasema, "Tena." Maana yake rudia, nione kama si bahati tu. Juzi kachukua maji ya dhahabu iliyoyeyushwa kwa asidi, yale ya njano unayoyajua wewe, kachanganya na ute wa yai. Yai la kuku, Shangazi, la dukani. Kayaweka kwenye joto kama la mwili wa mtu, kutwa nzima, yakawa na rangi ya chai iliyopoa. Nikasema moyoni, haya, mzee kapika chai. Halafu kafunga mapazia, kawasha taa ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia. Ile chai ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Nikaishika chupa. Baridi.

Kasema dhahabu mle ndani imejikusanya vishada vishada, kama zabibu, kila kishada atomu ishirini na kitu tu, na ute wa yai ndio umeshikilia. Lile vumbi la tupa ulilokuwa unanikataza kupiga chafya karibu nalo, mbele ya kishada kimoja ni mlima. Ikishakuwa ndogo hivyo, dhahabu inasahau tabia zake zote za dukani. Wanataka kuviingiza vishada mwilini, viende kwenye uvimbe wa saratani, vimulike pale ulipo, na safari hiyohiyo vibebe dawa. Kazi ikiisha vinatoka na mkojo, maana vinapita kwenye figo bila kubisha hodi. Mpaka sasa ni kwa panya tu. Lakini panya mmoja nimemwona mwenyewe kwenye picha, ana nukta nyekundu ubavuni palepale penye uvimbe, kama mtu kamwekea alama ya kalamu.

Nasoma kila kitu. Lebo za chupa, karatasi za kapuni, hata maelezo ya sabuni. Bwana Tena kaniwekea kiwango cha maswali matano kwa siku. Jana niliyamaliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Kiberiti

29 Januari

Kiberiti wangu,

Marahaba, zote mbili. Mimi nipo. Karakana ipo. Paka wa jirani bado anaamini kiti cha wateja alikirithi kwa babu yake. Fundi saa hajambo, na saa zake bado hazilingani, kwa hiyo niko salama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa miwani. Dhahabu nimeichoma, nimeifua, nimeivuta uzi mwembamba kuliko unywele wako, miaka thelathini na mmoja, na haijawahi kuniwakia nyekundu mpaka iwe imeiva motoni. Ninyi mnaipikia yai, inawaka. Sijui ni mimi niliyekuwa sina adabu nayo au ni ninyi mlioidanganya.

Ila nimefurahi, mwanangu. Watu huniletea dhahabu niwafanyie kidani, wakigombana wanairudisha niiyeyushe. Hiyo ndiyo safari yake yote niliyoijua. Sijawahi kusikia ikitumwa kumtafutia mtu ugonjwa. Nimeshinda na wazo hilo siku nzima, kama mama aliyesifiwa mtoto wake mbele za watu.

Nakutumia kile kichupa changu cha kizibo cha gome, kilichokuwa rafuni juu ya koleo. Nitilie humo kidogo ya hiyo dhahabu ya mayai, ukija uje nayo. Usiniambie haiwezekani. Tone tu.

Halafu nina swali. Umeandika kuhusu chupa mara mbili, na kuhusu cheo chako hata mara moja. Unafanya nini hasa huko?

Mwandiko usiusumbukie. Mguu wa meza umelegea.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mzima mimi, na mwenye nyumba mzima, anakohoa mlangoni kila nikipika, nadhani ndivyo watu wa huku wanavyoomba kukaribishwa.

Naosha vyombo. Haya, nimesema. Mwaka mzima nimekuwa nikikuambia "niko maabara" kwa sauti ya mtu aliyeko serikalini, kumbe niko kwenye sinki. Chupa zote wanazopikia vishada zinapita mikononi mwangu. Naziosha kwa asidi, halafu kwa maji matatu, halafu nazipindua zikauke, na ole wake atakayeingiza kidole. Ukibaki uchafu kidogo tu, vishada havitoki. Kwa hiyo wao ni wapishi, lakini bila mimi hakuna chakula. Ndivyo ninavyojiambia.

Sasa sikia balaa. Katika mwaka huu wote kuna chombo kimoja tu sikukiosha, nacho ni kichupa chako. Nilikifungua kikanuka karakana. Makaa, moshi, chuma, wewe. Nikashindwa. Mimi ninayewafokea wataalamu wazima kwa alama ya kidole, nikakaa na kichupa kichafu mfukoni wiki mbili, nakinusa kama mwehu.

Nikamwomba Bwana Tena vishada vilivyobaki, kidogo tu vya kukuletea. Kanipa. Nikamimina kwenye kichupa, nikawasha taa ya zambarau. Giza. Kama mtu kapuliza mshumaa. Nikatazama chupa nilikomimina: inawaka vizuri tu. Nikamwita. Kaangalia, kasema, "Tena." Nikamimina tena, vikafa tena. Mara ya tatu vikawaka kidogo, kwa huzuni. Akauliza kichupa kimetoka wapi. Nikajibu kwa kujidai kwamba ni cha shangazi yangu, sonara, fundi wa mikufu ambaye hana mwenzake. Akakizungusha kichupa kwenye mwanga. Akasema nikuulize mle kulikuwa na nini.

Basi nakuuliza. Kulikuwa na nini?

Na nyingine. Ile meza niliipigilia misumari mwenyewe, tena misumari tisa kwa kila mguu, mpaka ukanicheka kwamba nimejenga daraja. Haiwezi kulegea. Herufi zako zina mawimbi, Shangazi.

Kiberiti

11 Aprili

Kiberiti wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Nilikuwa na kazi, kisha nikawa na kazi, kisha kalamu ikapotea. Paka hajambo. Kanikimbia kwa siku mbili, kisha karudi, sikumuuliza alikuwa wapi.

Kuosha vyombo usikuonee haya. Mimi nilianza kwa kufagia. Aliyenifundisha alinipa ufagio mwaka mzima kabla ya kunipa tupa, akasema anayejua vumbi linaangukia wapi ameshajua nusu ya usonara. Nilijua unaosha. Mtu anayepika hasifii sufuria.

Kichupa kilikuwa na asidi tu, ya kuoshea dhahabu.

Sasa nina jambo langu la kukufurahisha, na nilitaka niling'ang'anie mpaka mwisho, lakini mdomo unawasha. Tangu barua yako ile ya kwanza nimefumua mbao za sakafu. Kuna vumbi la miaka thelathini na mmoja chini yake, Kiberiti, kila chembe iliyowahi kunitoroka. Kwa kawaida huwa nasafisha pembeni tu, mara moja kwa mwaka. Safari hii natoa yote. Nimeshapata tonge la ukubwa wa punje ya mahindi na bado sijafika dirishani. Nataka huyo Bwana Tena wako apike na dhahabu ya kwetu, ili ikiingia kwa mgonjwa imulike, nijue na mimi nimo.

Mkufu wa bibi harusi mmoja nimempelekea sonara wa mtaa wa pili aumalizie. Macho yamechoka. Chai siku hizi ina ladha ya funguo, nimebadilisha duka lakini ni ileile. Na fundi saa nilimfokea juzi, alikuwa ameniletea tu kiti. Utamwombea msamaha ukimwandikia, mimi naona haya.

Mguu wa meza bado.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi,

Leo sianzi kwa salamu. Zima moto.

Nimempigia fundi saa nikamwomba akuite kwenye simu yake, ukamjibu una kazi. Kwa hiyo barua hii naituma kwa gari la haraka, ifike mkononi mwake, na nimemwambia asimame mlangoni mpaka umalize kusoma. Usimfokee.

Ni zebaki. Vumbi la sakafu halitoi dhahabu kwa kubembelezwa. Unalikanda na zebaki, unakamua kwa kitambaa cheupe, kinachobaki unakichoma mpaka zebaki iende na moshi. Sijawahi kukuona ukikichoma. Lakini nilipokuwa mtoto hapo kwako, kitambaa nilikuwa nakiona kimeanikwa, na siku za kitambaa ndizo siku ulizokuwa ukinituma: "Nenda kaulize saa ngapi kwa fundi saa." Nilipofika pale kwenye barua yako penye mbao za sakafu, nikaona kitambaa. Nikakimbia na barua mpaka kwa Bwana Tena, nikiwa na glavu za sinki mkononi.

Kumbe alishashuku tangu kichupa. Kasema zebaki na dhahabu haziachani, na wewe unajua kuliko yeye. Zebaki ikigusa kishada kinazimika, hata ikiwa kidogo kiasi gani, ndiyo maana watu wanatumia vishada kuitafutia zebaki kwenye maji. Nikamuuliza zebaki inamfanya nini mtu. Sikuwa nimemwambia chochote kukuhusu. Kahesabu kwa vidole: mikono kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni, hasira zisizo na sababu. Vyote vitatu nilishavisoma kwenye barua zako.

Nikamwambia basi tumeshapima, tumeshajua, atoe dawa ya vishada. Akanikalisha. Akasema: "Kichupa kimesema kichupa kina zebaki. Hakijasema shangazi yako ana nini. Hilo aseme daktari, kwa vipimo vya hospitali, na dawa ipo ya siku nyingi, haihitaji uvumbuzi wetu." Barua yake kwa daktari iko humu ndani. Usiikunje.

Usifagie. Usikusanye kitu. Acha tonge lako hapohapo, acha dirisha wazi.

Kama ulifumua sakafu kwa ajili ya barua yangu ile ya Januari, sijui nitaweka wapi uso. Lakini hilo baadaye. Sasa hivi, ukiiweka barua chini, Shangazi, nenda kaulize saa.

Kiberiti

30 Mei

Kiberiti wangu,

Saa nne na robo. Nilikwenda kuuliza, kama ulivyoniagiza.

Fundi saa alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya hata siku ya mazishi ya kaka yake, akanishika kiwiko, tukaenda. Hospitali walinipa dumu, nikae na mkojo wangu wa kutwa nzima nikausalimishe asubuhi. Nililibeba njiani kifuani kama zawadi ya harusi. Jirani mmoja akauliza ni asali. Nikamwambia ndiyo, na haiuzwi.

Zebaki ipo, mwanangu. Nyingi. Daktari aliisoma karatasi mara mbili kisha akaniuliza kama ninaishi ndani ya kipimajoto. Kanipa vidonge vinavyoishika zebaki na kuitoa. Vinanuka mayai yaliyooza, nikajua tu hamjaniacha. Watu wa afya wamekuja na mavazi kama ya wafuga nyuki, wameondoa vumbi, zebaki, mbao na hata kile kitambaa. Tonge nalo wamelichukua. Nililiaga.

Sasa nikwambie nililokuwa silisemi. Mkono huu najua tangu mwaka jana, kabla hujaona mwandiko wowote. Nilikuwa nikiunga kiungo cha mkufu, kinanikimbia. Nikalaumu meza, nikalaumu miwani, nikakulaumu wewe kwa kuondoka na macho yako mazuri. Kwa daktari sikwenda, kwa sababu niliogopa atasema mikono imekwisha. Na mimi bila mikono ni nani? Swali hilo ndilo lililokuwa limenifunga mdomo, siyo kazi, siyo kalamu. Kwa hiyo hiyo aibu yako ya Januari iondoe usoni, uioshe kwa maji matatu. Nilikuwa nachoma kabla hujazaliwa. Barua yako ilinizidishia tu pupa, na pupa ndiyo iliyonifanya nikaonekana. Ningebaki na pembe pembe zangu za kila mwaka, ningekwisha polepole bila mtu kugundua.

Daktari kila nikienda ananichoresha konokono, duara moja linaloingia ndani ya jingine. Nakutumia vichoro viwili. Cha kwanza ni cha Aprili, kama njia ya mlevi. Cha pili ni cha juzi. Ukikitazama kwa mbali, ukipenda mtu, ni konokono. Kasema mkono huenda ukarudi wote, huenda usirudi wote, tungoje miezi. Chai imerudi kuwa chai. Fundi saa nimemwomba msamaha mwenyewe, akasema hakumbuki kufokewa, mwongo yule.

Ningejua kwamba kichupa kitakuja kuwa shahidi, ningekiosha kabla ya kukutumia. Na wewe, unayeosha dunia nzima, ungekiosha ulipokipokea. Sisi wawili kwa usafi wetu tungeniua. Nashukuru, Kiberiti. Nashukuru kwa ile siku moja uliyokuwa mchafu.

Shangazi yako

17 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hii naitoa nimesimama. Mwenye nyumba hatimaye nilimkaribisha. Kumbe anakohoa kweli, maskini, ni pilipili yangu. Konokono wako nimewabandika kwenye kioo cha dirisha, sasa ukuta una wanyama.

Bwana Tena kamtazama konokono wa pili muda mrefu. Unajua alichosema. Kwa hiyo nitumie na wa Juni. Nimemwambia na hilo la dhahabu yako kuingia kwa mgonjwa ikamulika. Kasema nikwambie kwamba kwenye daftari la maabara kichupa chako kimeshaandikwa, kwa namba na tarehe, na kwamba ndicho chombo cha kwanza kutoka nje ya maabara hii kilichomfikisha mtu kwa daktari. Panya bado wanangoja zamu yao, wewe umetangulia. Kichupa chenyewe kimefungwa kwa nta, hakiguswi tena. Na mimi kanipa saa mbili kwa wiki nje ya sinki, nirudie jaribio la kichupa mwenyewe, kwa kipimo, na kuandika. Maswali yamepanda hadi saba.

Kuna jingine. Alinilazimisha na mimi nikapimwe, kwa vile nimekulia karakana ile miaka kumi na moja. Nilikwenda naogopa, nikijua sasa unachokijua kuhusu kuogopa. Daktari wa huku alinitoa damu, akaangalia figo, akanigonga magoti, akaninyooshesha mikono na kuniwekea karatasi juu yake aone kama itacheza. Haikucheza. Akanichoresha konokono, nikamchorea, akauliza kama nafanya kazi ya uchoraji ramani. Kasema sina kitu. Akauliza nilikuwa wapi wakati ule moto ukiwaka.

Nikasema, nilikuwa nimetumwa kuuliza saa.

Na hapo ndipo nilipokumbuka, Shangazi, nikakaa kwenye benchi la hospitali kama mtu aliyepigwa kofi la upole. Juu ya mlango wa karakana kuna saa. Ya duara, ya rangi ya maziwa, kazi ya fundi saa mwenyewe. Haijawahi kusimama hata siku moja. Miaka kumi na moja nilipita chini yake nikienda kuuliza saa ngapi. Nilipokua kidogo nikadhani unampenda yule mzee na mimi ndiye kisingizio, nikawa najichekea njiani. Na yeye, nikifika, hajanijibu hata mara moja papo hapo. "Subiri, hii inachelewa. Shika hii mbovu uifungue wakati tunangoja." Nimefungua saa mbovu ngapi pale barazani? Kila kitu ninachojua kufanya kwa vidole, na huu ugonjwa wangu wa kutaka kuona ndani ya kila kitu, nilivipata pale, nikisubiri moshi wako uishe. Ninyi wawili mlijua. Hamkuniambia, nami nilidhani ninajifundisha mwenyewe.

Ulikuwa hujui kwamba moshi ule unakumaliza wewe. Au ulijua nusu. Lakini ulijua vya kutosha kunitoa mimi, kila mara, bila kukosa hata mara moja.

Asante. Nimeliandika neno hilo mara nne na kulifuta, kwa sababu naliona dogo kama kishada. Basi liwe dogo hivyohivyo, lipite popote pale, liwake.

Nakuja Agosti. Nitaleta tone lako kwenye chupa mpya niliyoiosha mwenyewe, na taa ya zambarau ya kuazima. Tutafunga mapazia, na fundi saa naye akae.

Hapa sasa hivi ni saa tisa kasoro dakika tano. Hakuna aliyeniuliza. Nimependa tu ujue.

Mwanao,
Kiberiti